Ukitaka Kuielewa Fainali ya Badmintoni, Anza Kutazama Jumanne

Kila mwezi Machi, All England, mashindano makubwa ya badmintoni, ikielekea ukingoni, simu yangu hujaa swali moja kutoka kwa jamaa na marafiki wa hapa mjini: fainali ni saa ngapi, na sisi tutazame? Nafurahi sana kuulizwa. Dar es Salaam ni mji wa Simba na Yanga, na mtu anayeamua kuacha kibanda cha mpira Jumapili ili atazame mchezo wa vinyoya anastahili kukaribishwa kwa mikono miwili. Lakini huwa nawaambia ukweli: ukisubiri Jumapili, utaona mshindi, hutauona mchezo. Mashindano haya huanza Jumanne, na aliyeanza nayo Jumanne ndiye anayejua kinachoendelea siku ya mwisho.

All England huchezwa Birmingham, Uingereza, na umri wake unarudi nyuma hadi 1899. Iko katika ngazi ya juu kabisa ya ziara ya dunia, Super 1000, pamoja na mashindano ya Malaysia, Indonesia na China. Kuna mataji matano ya kugombea: mwanamume kwa mwanamume, mwanamke kwa mwanamke, wanaume wawili wawili, wanawake wawili wawili, na mchanganyiko wa mwanamume na mwanamke. Kila kundi huanza na majina 32, na ni mtoano mtupu. Ukifungwa Jumanne saa nne asubuhi, unafungasha begi. Kwa hiyo yule unayemwona Jumapili akinyanyua kombe ameshapita mechi nne kabla ya fainali, na kila moja imemwachia kitu mwilini.

Hapo ndipo ilipo siri ya mashindano makubwa. Mchezaji aliyepigana dakika 90 kwenye nusu fainali ya Jumamosi usiku haingii uwanjani Jumapili na miguu ileile. Usipoiona Jumamosi yake, utadhani Jumapili amecheza vibaya tu. Ukiiona, utagundua kwamba mpinzani wake anampeleka kona ya nyuma kushoto makusudi, tena na tena, kwa sababu anajua paja lile limechoka.

Sasa nije kwenye kutazama kwenyewe, maana ndiko wageni wengi wanakokata tamaa. Macho ya mgeni hufuata kinyoya, kile kinachopigwa badala ya mpira. Ni jambo la kawaida, lakini kinyoya kitakuchosha. Kina uzito wa gramu 5 hivi, kimetengenezwa kwa manyoya 16, kwa kawaida ya bata bukini, na smashi, yaani pigo kali la kushusha, ya mchezaji mkubwa hutoka kwenye raketi kwa kasi inayopita kilomita 400 kwa saa. Halafu kwa sababu ya yale manyoya kinashika hewa, na kasi yote inakatika ndani ya mita chache. Kamera nayo huwekwa juu nyuma ya uwanja, kwa hiyo kila kitu kinaonekana bapa na chepesi. Ndiyo maana mtu husema, "Mbona hata mimi ningekirudisha hicho?"

Mzee mmoja wa Upanga, aliyecheza tangu ujana wake na ambaye sebule yake imekuwa kituo chetu siku za mashindano, alinipa dawa ya tatizo hili. Nilipoingia na kumwamkia shikamoo, aliitikia marahaba bila kuondoa macho kwenye TV, kisha akaniambia, "Mwanangu, usimtazame anayepiga. Mtazame anayepigiwa."

Fanya hivyo kwa seti moja tu, yaani awamu moja ya pointi 21. Chagua mchezaji mmoja, ikiwezekana yule aliye upande wa karibu na kamera, na umtazame miguu. Utaona kwamba kabla mpinzani hajagusa kinyoya, yeye ameshafanya mruko mdogo, visigino haviko chini. Utaona jinsi anavyorudi katikati ya uwanja baada ya kila pigo. Kisha utaanza kuona pale anapochelewa kurudi kwa nusu hatua, na pointi mbili baadaye hapo alipochelewa ndipo anapofungwa. Uwanja wenyewe una urefu wa mita 13.4, na wa mtu mmoja mmoja una upana wa mita 5.18. Si mkubwa. Lakini mtu anayeuzunguka kwa saa nzima, akiinama wavuni na kuruka nyuma, anafanya kazi nzito kuliko inavyoonekana kwenye kioo.

Kama unataka mechi moja ya kujifunzia, nenda YouTube utafute fainali ya wanawake ya Ubingwa wa Dunia wa 2017, Glasgow: Nozomi Okuhara wa Japani na P. V. Sindhu wa India. Dakika 110. Okuhara alishinda 21-19, 20-22, 22-20. Mwishoni mwa seti ya pili kuna mkimbizano wa mapigo 73 kabla ya pointi moja kupatikana. Itazame mara ya kwanza ukifuata kinyoya, mara ya pili ukimfuata Okuhara peke yake. Sindhu ni mrefu, ana smashi. Okuhara ni mfupi na hana nguvu hizo, kwa hiyo mkakati wake wote ni kurudisha, kuinua, kuvuta, kumlazimisha mwenzake apige pigo moja zaidi. Baada ya hapo hutaniuliza tena kwa nini watu hulia wakitazama badmintoni.

Jambo lingine ambalo mashabiki wa siku nyingi huliangalia ni upepo. Ndiyo, ndani ya ukumbi. Viyoyozi vya kumbi kubwa husukuma hewa, na kinyoya chepesi hivyo hupelekwa. Upande mmoja kinyoya kinakwenda mbali kupita ulivyokusudia, upande mwingine kinagoma. Ndiyo sababu utaona mtu ameshinda seti ya kwanza kwa raha, wakabadilishana upande, akapigwa 21-10. Kwa mfumo huu wa pointi 21 ulioanza 2006, seti ya tatu wachezaji hubadilishana upande mmoja wao akifika 11. Hapo, ndugu yangu, usiende jikoni kuchukua chai. Aliyeongoza 11-8 akiwa upande mzuri bado hajaongoza kitu.

Kuhusu muda, sisi wa Dar tuna bahati kuliko tunavyojua. Birmingham mwezi Machi tumewatangulia saa tatu, kwa hiyo mechi zinazoanza kwao saa sita mchana zinakuwa kwetu saa tisa alasiri. Unamaliza kazi, unapanda daladala, unafika nyumbani bado wapo uwanjani, ingawa za mwisho zinaweza kukukesha hadi saa saba usiku. Jakarta wametutangulia saa nne, Kuala Lumpur na China saa tano. Mashindano hayo ni ya asubuhi kwetu, na mechi zao za usiku ni za alasiri yetu. Ukimaliza kufua Jumapili asubuhi, fainali zinaendelea. Tazama ratiba kwenye tovuti ya Shirikisho la Badmintoni Duniani, BWF, halafu badilisha saa mwenyewe kwa kalamu na karatasi, uandike na ubandike ukutani. Simu hubadilisha vizuri, lakini karatasi ya ukutani inaonwa na nyumba nzima, na ndiyo inayomleta mdogo wako sebuleni.

Bando ndilo linalouma. Ushauri wangu hapa unaweza kukushangaza: usishushe ubora wa picha ili utazame mechi nyingi. Kwenye mpira wa miguu ukiweka 240 bado utaona nani kafunga. Kwenye badmintoni kinyoya kinapotea kabisa, unabaki kutazama watu wawili wakirusha mikono hewani. Chini ya 720 naona ni kupoteza hela. Afadhali utazame muhtasari wa mechi tatu ambao chaneli ya BWF TV huuweka YouTube, picha ikiwa safi, kuliko siku nzima ya ukungu. Au fanyeni kama sisi: mwenye intaneti ya nyumbani anatoa sebule, mwingine analeta kompyuta na kebo ya TV, wengine wanachangia vitafunwa, na kila mtu ahakikishe LUKU imejazwa mapema. Umeme kuisha mkiwa 19-19 ni jambo la kuliepuka kwa nguvu zote.

Kukaa pamoja kuna faida nyingine. Badmintoni ni mchezo wa kupumua pamoja. Ukiwa na nafasi, tazama mashindano ya Indonesia hata kama hujui mchezaji yeyote, kwa ajili ya ukumbi wa Istora Senayan tu. Watu wa pale hupiga kelele kwa kila pigo la mchezaji wao, "Eaa! Eaa!", pigo kwa pigo, na sauti inapanda kadiri mkimbizano unavyorefuka, mpaka kinyoya kinapoanguka ukumbi unalipuka kama uwanja wa Mkapa siku ya dabi. Birmingham ni tofauti: watu hushangilia, lakini mchezo ukiwa mgumu wananyamaza, na unasikia viatu vikilia sakafuni. Napenda vyote viwili. Sebuleni kwetu tumechagua njia ya Birmingham wakati kinyoya kiko hewani na njia ya Jakarta kikishaanguka, na nakuomba na wewe uwape wenzako nafasi hiyo. Anayesimulia habari za foleni ya Morogoro Road katikati ya pigo la hamsini anawanyima watu kitu ambacho hakirudi.

Kuna siku lakini ukimya huja wenyewe. Michezo ya Olimpiki ya Paris, 2024, nusu fainali ya wanawake: Carolina Marín wa Hispania, bingwa wa Rio 2016, aliyeikosa Tokyo kwa sababu ya goti, alikuwa ameshinda seti ya kwanza na anaongoza ya pili dhidi ya He Bing Jiao wa China. Akatua vibaya. Goti tena. Alijaribu kuendelea, akashindwa, akalia pale sakafuni. Sijawahi kuona sebule imenyamaza vile. He Bing Jiao akaenda fainali, akafungwa na An Se Young wa Korea Kusini, na alipopanda jukwaani kupokea medali ya fedha alishika beji ndogo ya Hispania mkononi. Aliyetazama kuanzia raundi za mwanzo na kuona jinsi Marín alivyokuwa amerudi na moto wake wote, alielewa beji ile ilikuwa na uzito gani. Aliyewasha TV kwa ajili ya fainali peke yake aliona picha ya medali tatu.

Na hii ndiyo sababu ninayoipigania kuliko zote. Waafrika wenzetu wanacheza mwanzoni mwa wiki. Ubingwa wa Dunia huanza Jumatatu, na kundi la wanaume mmoja mmoja lina wachezaji 64. Katika siku hizo za kwanza ndipo unapoweza kumwona mtu kama Anuoluwapo Juwon Opeyori wa Nigeria, bingwa wa Afrika zaidi ya mara moja, au Georges Julien Paul wa Mauritius, ambao wote wawili walicheza Olimpiki ya Paris. Majirani zetu Waganda wanatoa wachezaji wazuri pia. Mara nyingi wanapangwa na mtu wa Asia au Denmark aliye kumi bora duniani, na mara nyingi mechi inaisha kwa dakika chini ya 40. Watangazaji hawawazungumzii sana. Lakini mtazame Opeyori anavyojirusha kuokoa kinyoya akiwa nyuma 6-17, ukijua ni wachache sana wa bara hili wanaofika ukumbi ule, halafu uniambie kama fainali peke yake ingekutosha.

Watoto wanaocheza badmintoni hapa Dar, kwenye kumbi za shule na za klabu, wanahitaji kumwona huyo kabla ya kumwona bingwa. Kijana wa miaka kumi na mbili anayemtazama Shi Yu Qi, nyota wa China, anaona kitu cha mbali mno. Akimwona Mnigeria ameshikilia 15-21 dhidi ya mtu aliyelelewa kwenye kituo cha taifa chenye makocha kumi, anaanza kuuliza maswali ya maana: anafanya mazoezi wapi, anapata wapi mashindano, anaamka saa ngapi. Mpwa wangu aliniuliza hayo matatu kwa mfululizo, na tukakaa tukayatafuta majibu kwenye simu huku seti ya pili ikiendelea.

Kwa hiyo ratiba ikitoka, usianze kusoma kutoka chini kwenye fainali. Anza juu, siku ya kwanza, tafuta bendera za Afrika, weka alama. Chagua na mchezaji mmoja mwingine yeyote wa kumfuata hadi atakapotolewa, hata kama ni jina lililokuvutia tu. Akitolewa Alhamisi, mfuate aliyemtoa.