Mshipa mwembamba wa baba

Dada wa Ngamiani, pole kwa kuuguza. Unauliza kama mshipa wa nyuma ya shingo wa baba, ambao picha imeonyesha ni mwembamba tangu kuzaliwa, ndio uliomletea kiharusi. Peke yake, mara nyingi hapana. Ubongo hulishwa na mishipa minne, inayoungana chini yake kama pete. Kwa watu wengi pete hiyo haijakamilika, nao wanaishi. Ila mshipa mmoja ukiziba, msaada wa jirani huwa hafifu.

Dhibitini presha yake. Mzee wangu kikombe cha chai kilimponyoka asubuhi moja, kumbe ni kiharusi. Alikuwa ameacha vidonge vya presha kwa kujiona mzima. Na tafadhali, asikandwe shingo! Picha hiyo mwende nayo kila kliniki, hapo hospitali ya Bombo au kwingine.