Pedali ya breki inazama nikishuka Newala: niongeze mafuta au nibadilishe yote?

Swali: Shikamoo fundi. Nina Noah, nabeba abiria na mizigo kati ya Newala na Masasi. Nikishuka mlima pedali ya breki inalegea na kuzama. Nikifika chini, gari likipoa, inarudi sawa. Mafuta ya breki kwenye kikopo chake yameshakuwa meusi. Fundi wangu anasema niongezee tu. Ni sahihi?

Jibu: Marahaba. Usiongezee, badilisha yote, na usiushuke tena mlima huo na abiria kabla hujabadilisha.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo, hata gari likiwa limeegeshwa. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa yastahimili angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka. Yakishaingiwa na maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho kinashuka hadi 140 tu. Kwenye mteremko mrefu joto la pedi linapita hadi kwenye kalipa (kifaa cha kwenye tairi kinachobana pedi), mafuta yanachemka na kutoa mvuke. Mvuke unabonyea, ndiyo maana mguu unazama. Ukipoa, unarudi kuwa maji na pedali inakaza. Dalili zako ni hizo hasa. Ukiongezea juu, yale yenye maji yanabaki kule chini kwenye kalipa, mahali penye moto.

Nunua lita moja, aina iliyoandikwa kwenye mfuniko wa kikopo, chupa ambayo haijafunguliwa. Ile iliyokaa wazi dukani kwenye rafu, iache. Na mtu asikuwekee oili ya injini wala ya sterringi: raba zote zitavimba.

Zima injini. Nyonya ya zamani kwenye kikopo kwa bomba la sindano, jaza mapya. Anza na tairi lililo mbali zaidi na masta silinda, yaani pampu ya breki iliyo chini ya kikopo. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia, mara nyingi ni la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Chomeka mpira mwembamba unaoonyesha ndani kwenye nati ya kutolea upepo iliyo kwenye breki ya tairi hilo, ncha nyingine izame kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Msaidizi akanyage na kushikilia. Wewe legeza nati, yatoke, kaza, ndipo aachie. Asiachie nati ikiwa wazi, upepo utaingia. Rudia mpaka yatoke meupe bila povu. Weka kipande cha ubao chini ya pedali ili isifike sakafuni, maana kwenye masta silinda ya zamani raba zinaweza kukwaruzwa na kutu. Kikopo kisikauke hata mara moja: kwenye gari lenye ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki), upepo ukiingia kwenye pampu huenda ukahitaji mashine kuutoa.

Yakidondokea rangi ya gari, mwagia maji hapo hapo.

Baada ya hapo, kanyaga pedali gari likiwa limesimama na limepoa. Ikiendelea kuzama taratibu chini ya mguu, tatizo ni masta silinda au kuna mahali panavuja, usitoke gereji. Ikikaa imara, rudia kila miaka miwili, na mlima wa Newala ushuke kwa gia ndogo.