Minesweeper: namba zikinyamaza, nibahatishe?

Swali: Nacheza Minesweeper kiwango cha juu kabisa, ule mchezo wa kompyuta wa kufungua visanduku bila kugusa mabomu yaliyofichwa, ambapo kila namba inayofunguka huonyesha ni mabomu mangapi yako katika visanduku vinavyoizunguka. Nusu ya kwanza hufunguka vizuri, kisha nafika mahali ambapo namba zote zinaonekana hazina la kusema. Nabahatisha, nalipuka. Kuna hesabu nisiyoijua, au kiwango hiki ni bahati tupu?

Jibu: Vyote viwili, ndugu msomaji, ila si kwa kiasi sawa. Kiwango hicho kina visanduku 480 (30 kwa 16) na mabomu 99, yaani karibu kimoja katika kila vitano ni bomu. Kwa msongamano huo, kubahatisha hakuepukiki kila mara. Lakini pengi ambapo mchezaji husema "hapa ni bahati", jibu lipo, tatizo ni kwamba anasoma namba moja moja.

Zisome mbili mbili, kwa kutoa. Tuseme kuna mstari wa visanduku vilivyofungwa, A, B, C, D na E, na chini yake mstari wa namba zilizokwisha kufunguliwa. Namba iliyo chini ya B inagusa A, B na C. Iliyo chini ya C inagusa B, C na D. B na C zinaguswa na namba zote mbili, kwa hiyo tofauti ya namba hizo inatoka kwa A na D peke yao. Ikiwa ya kwanza ni 1 na ya pili ni 2, D imezidi A kwa bomu moja, na hilo linawezekana kwa njia moja tu: D ni bomu, A ni salama.

Sasa ongeza 1 chini ya D, upate 1-2-1. Fanya hesabu ileile kutoka upande wa pili: B ni bomu, E ni salama. Ile 2 ya katikati imeshatosheka kwa B na D, basi C nayo fungua bila hofu. Wachezaji wazoefu wanaikariri 1-2-1 kama wimbo, na si vibaya, lakini aliyeelewa kutoa atajitengenezea mifumo mingine mwenyewe.

Ukutani, yaani ukingoni mwa ubao, kazi ni rahisi zaidi. Namba ya pembeni kabisa inagusa visanduku viwili tu, A na B. Ikiwa ni 1 na jirani yake pia ni 1, C ni salama. Jirani akiwa 2, C ni bomu.

Kabla ya yote hayo, punguza. 3 iliyokwisha kuwekewa bendera mbili (alama za mabomu uliyoyabaini) ni 1, na 4 yenye bendera tatu nayo ni 1. Nadhani hapa ndipo unapokwama: unaona 3-4-2 ukadhani ni fumbo jipya, kumbe ukiondoa mabomu uliyokwisha kuyajua ni 1-2-1 ileile.

Usijilaumu sana lakini. Mwaka 2000 mwanahisabati Richard Kaye wa Chuo Kikuu cha Birmingham alithibitisha kwamba kuamua kama ubao wa Minesweeper unaweza kuwepo bila namba zake kupingana ni tatizo la kundi la NP-kamili, yaani haijulikani njia ya haraka inayofaa kila ubao.

Pale unapolazimika kubahatisha, hesabu kwanza. Tazama kaunta ya mabomu, inayoonyesha idadi ya mabomu ambayo bado hujayawekea bendera. Ikisema 14, na namba zinazopakana na visanduku vilivyofungwa zinahitaji 4, basi 10 yametawanyika huko mbali, kwenye visanduku visivyoguswa na namba yoyote. Kukiwa na visanduku 50 huko, hatari ya kila kimoja ni asilimia 20. Kwa nini basi ubofye kimoja kati ya viwili vinavyogombea bomu moja, ambako hatari ni asilimia 50? Na huko mbali anza na kona. Kona ina majirani 3, kisanduku cha katikati kina 8, hivyo mwanzoni mwa mchezo nafasi ya kona isiyo na bomu kufungua eneo tupu ni karibu asilimia 50, dhidi ya 16 hivi katikati.

Kuna mtego mmoja: visanduku viwili vilivyozingirwa, bomu ni moja, na hakuna taarifa mpya itakayoweza kufika hapo. Hata kaunta haisaidii, maana idadi ni ileile upande wowote bomu litakapokuwa. Bofya papo hapo, usimalize ubao mzima kwanza ndipo ulipuke. Lakini kama uwezekano mmoja unahitaji bomu 1 na mwingine 2, subiri: kaunta itaamua mwishoni.

Kwa mazoezi, tafuta toleo lisilohitaji kubahatisha, kama Mines iliyomo katika mkusanyiko wa mafumbo wa mtunzi wa programu Simon Tatham. Humo kila ubao unatatulika kwa mantiki, kwa hiyo ukikwama, kuna hesabu hujaifanya.