Chakula cha kambi ya uwindaji: anza na unga wa vijana, menyu ya mteja baadaye

Wiki iliyopita kijana mmoja aliyemaliza chuo cha hoteli Morogoro aliniandikia. Amepata kazi ya upishi kwenye kambi ya uwindaji wa kitalii, kitalu, yaani eneo lao la kuwindia, kiko ndani kabisa ya Pori la Akiba Rungwa, na bosi wake amemwambia aandae orodha ya manunuzi. Alinitumia menyu ya mteja: supu za jioni, mikate ya asubuhi, mpaka keki ya siku ya mwisho. Nimeisoma yote. Imeandikwa na mtu anayelijua jiko. Ila mdogo wangu, sikuona humo hata kilo moja ya unga wa vijana wa kazi utakaokaa nao porini.

Nimepika kambini misimu mingi, Rungwa, Moyowosi, na kule Selous kabla haijagawanywa mwaka 2019 ikazaliwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Wateja niliowapikia walirudi na wengine, na wapo waliomwuliza mwindaji bingwa wao, yule anayewaongoza kuwinda, kama bado nipo kabla ya kulipia safari. Najivunia hilo. Na kila nilichofanikiwa kilianzia kwenye chakula cha wafanyakazi.

Ngoja nikupe hesabu yenyewe. Safari kubwa ni ya siku 21. Ofisi inaona 21, inazidisha, inanunua. Lakini siku hizo ni za mteja. Lori linatangulia mapema, vijana wanafyeka, wanajenga mabanda, wanachimba vyoo, wanasafisha uwanja wa ndege. Mteja akiondoka, wanabaki kubomoa na kumalizia ngozi za wanyama waliowindwa. Kwa hiyo wewe hesabu kuanzia siku lori linapotoka mjini hadi siku litakaporudi, na hiyo inaweza kuwa 35. Mtu anayetembea na kubeba mchana kutwa, mimi nampigia gramu 600 za sembe kwa siku. Watu 18 wanakula kilo 10.8. Kwa siku 21 ni kama kilo 227. Kwa siku 35 ni kilo 378, yaani viroba 16 vya kilo 25 badala ya tisa na ushee. Hizo kilo 150 za katikati ndizo zinazoumiza watu.

Naziongelea kwa uchungu kwa sababu nilizishuhudia. Kampuni moja niliyoifanyia kazi ilipokea orodha yangu, ikaikata. Nilimweleza mhusika kwamba tunaingia mapema, akanijibu kwamba porini nyama ni bure. Tukaingia. Mteja akachelewa kufika. Sasa kijana elewa jambo hili: mteja hajafika na kibali chake, hakuna bunduki inayolia. Swala pala wanapita nyuma ya jiko na hakuna anayeruhusiwa kuwagusa, na skauti wa wanyamapori yupo hapo hapo kambini kuhakikisha. Kwa hiyo hiyo nyama ya bure haikuwepo. Dagaa wakaisha, maharage yakafuata, tukala ugali na chumvi, kisha uji mwepesi asubuhi na jioni. Stoo ya mteja ilikuwa imejaa makopo, na amri ilikuwa isiguswe.

Mteja alipotua, wakaanza kufuata nyati siku iliyofuata. Mfuatilia nyayo wetu, mzee niliyemheshimu sana, mtu anayesoma jani lililokanyagwa alfajiri akakwambia kundi limepita saa ngapi, alikaa chini ya mti kabla ya saa nne akasema miguu imekataa. Mteja akalalamika. Lawama zikashuka ngazi kwa ngazi mpaka jikoni, nikaambiwa mbele ya wenzangu kwamba sijui kupanga chakula. Orodha yangu ya mwanzo nilikuwa nayo mfukoni. Hakuna aliyetaka kuiona. Mzee yule alikuja usiku kunipa pole, yeye aliyelala na njaa. Mpaka leo jambo hilo halijanitoka.

Ndiyo maana nasema panga kana kwamba hakuna mnyama atakayeanguka. Nyama ikipatikana ni neema, utapika supu ya mkia wa nyati, utakata steki ya pofu ambayo mteja ataikumbuka kwao, na vijana watakausha nyama iwe kimoro. Lakini nyama inayotembea haiingii kwenye hesabu.

Na hata ikianguka, si wote watakaoila. Kambi nyingi zina Waislamu na Wakristo. Mnyama akipigwa utaona kijana anatoka mbio na kisu mkononi ili awahi kumchinja kabla hajakata roho. Akichelewa, nusu ya watu wako hawali nyama ile, na wana haki yao. Siku hiyo wanakula nini kama umetegemea nyati? Dagaa na maharage viwepo hadi siku ya mwisho. Ngiri ana sufuria yake, mwiko wake na kisu chake, vikae mbali, na usisubiri mtu akuulize. Mpishi anayechanganya vyombo ameivunja kambi.

Manunuzi fanya njiani kama unatokea Dar. Mahindi na unga ulizia Kibaigwa. Vitunguu na mafuta ya alizeti ni vya Singida, na Manyoni utavipata kabla hujakata kwenda Itigi. Baada ya Itigi usitarajie duka la kukuokoa. Maharage mimi nachukua ya njano kwa sababu yanawahi kuiva na kuni na maji vinapungua. Loweka usiku, maji ya kuloweka mwaga.

Mboga ndizo zinazomtambulisha mpishi. Mchicha kula siku mbili za kwanza, kabichi ndiyo ya kukaa. Nyanya chagua zilizoanza tu kugeuka rangi, zipange tabaka moja kwenye sanduku, na kila asubuhi uzipitie kwa mkono, iliyolainika iingie mchuzi wa siku hiyo. Viazi vifunikwe vikae gizani, kikishakuwa kijani kitupe. Vitunguu vikae mbali na viazi, penye hewa.

Mayai usiyaoshe. Yakioshwa yanapoteza ngozi yake ya asili na yanaharibika haraka. Treyi zangu nazifunga mbili mbili kwa kamba ya katani, nazilaza katikati ya magodoro ya mahema, godoro chini na godoro juu, kisha namwomba dereva asiweke kitu kingine hapo. Ile barabara ya vumbi ya kutoka Itigi inatikisa mpaka meno, na mayai yangu yamefika.

Unga, mchele na sukari hamishia kwenye mapipa ya plastiki yenye mfuniko wa kukaza, kwa sababu ya panya na sisimizi, na fisi naye akija usiku hachagui. Turubai la stoo lisiwe la bluu wala jeusi. Mbung'o wanavutwa na rangi hizo, na Rungwa mbung'o si wa kuwatania. Utakachohitaji usiku wa kwanza kipakiwe mwisho ili kiwe mlangoni: sufuria, majani ya chai, sukari, taa, mkate, dagaa. Watu wakifika usiku wamechoka, chai ikawahi, wanaanza kazi wakiwa na moyo.

Maji ya kunywa yawe na madumu yake, yaliyopigwa alama, na dumu lililowahi kubeba petroli au mafuta ya taa lisikaribie jiko hata likisuguliwa na mchanga kutwa. Maji ya visima vya mchangani mtoni yachemshe, hata yakionekana meupe. Chumvi nunua mafungu mawili. Ya mawe ni ya mchunaji kwa ajili ya ngozi, nayo ni nyingi. Ukiiacha ya jikoni bila kuificha itaishia kwenye ngozi ya nyati.

Wapishi wenzangu, hasa nyie vijana, acheni kujipima kwa sahani ya mteja peke yake. Mteja anakula kwa jasho la yule anayetangulia na panga, na yule anayelala karibu na mzoga kulinda nyara zisiliwe. Mwenye njaa hafuati nyayo. Bosi akikwambia punguza unga, mweleze kwa heshima, mpe hesabu kwa maandishi, akikata aandike jina lake pembeni, na nakala baki nayo. Akikasirika, akasirike ungali mjini ambako maduka yapo.

Msimu unafunguliwa Julai 1, kwa hiyo malori yataanza kutoka Juni. Mdogo wangu, nitumie orodha mpya kabla hujanunua, uniandikie idadi ya watu, siku lori linapotoka na siku linaporudi. Menyu ya mteja iache kama ilivyo, ila keki punguza mayai.