Mlio wa Usiku Mkarafuuni

SWALI: Assalamu alaykum, Mhariri. Mimi ni mkazi wa Wete, Pemba. Kila siku baada ya Magharibi ndege nisiyemwona hulia katika mkarafuu ulio nyuma ya nyumba yangu. Jirani ameniambia kuwa ni bundi, kwamba huleta mkosi, na kwamba niukate mti ili ahame. Nifanyeje? Na hawa wanaolia mchana, nitawajuaje?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, dada yetu. Nakusihi mti huo usiuguse. Ikiwa unachokisikia ni "hu" fupi isiyopanda wala kushuka, ambayo mara huja moja moja na mara hufuatana kadhaa kwa haraka, basi yumkini ni bundi mdogo wa Pemba, ambaye haishi pahala pengine popote duniani ila kisiwani kwenu. Urefu wake hauzidi shubiri moja, na chakula chake kikubwa ni wadudu. Ama habari ya mkosi, mwambie jirani kwa upole kwamba Mtume (s.a.w.) alikwisha kuikataza tiyara, yaani kuamini nuksi itokanayo na ndege.

Wa mchana wanataka subira. Baada ya sala ya Alfajiri kaa pahala pamoja, kimya, kwa robo saa. Chagua sauti moja tu, uifuate mpaka umwone mwenyewe, kisha kesho uchague nyingine, kwa kuwa anayetaka kuwatambua wote kwa asubuhi moja huishia kuwachanganya. Anza na chozi, kwa sababu hujileta mwenyewe kwenye ua la mgomba: dume ni mweusi, lakini jua likimpiga huwaka zambarau na kijani, naye huning'inia kichwa chini huku mdomo wake uliopinda umezama ndani ya ua. Ninga ni mgumu zaidi. Rangi yake ni ya majani, na kundi zima linaweza kuwamo ndani ya mkuyu usimwone hata mmoja. Sikiliza basi kuyu zinazodondoka chini, tak, tak, pasipo upepo, ndipo uinue macho.

Wawekee maji katika kibakuli cha udongo kivulini, uyabadilishe kila siku ili mbu wasizaliane. Makombo ya chakula usiyamwage uani, maana humwita kunguru, na kunguru akishazoea hula mayai na makinda ya hao unaowapenda.