Fanya kazi kwanza, prompti baadaye

Mdogo wangu unayeanza kuandika makala za ufundi hapa Kampala, nianze na aibu yangu. Nilipoanza kutumia akili mnemba, prompti yangu, yaani maagizo ninayoiandikia mashine, ilikuwa mstari mmoja: "Niandikie makala ya kufundisha kuunganisha tovuti na malipo ya simu Uganda." Nusu dakika haikuisha, makala hiyo, imenyooka kama shati lililopigwa pasi. Nikaipitia juu juu, nikaichapisha. Siku ya tatu kijana mmoja wa Gulu akaniandikia: "Kaka, mteja wangu alipaswa kulipa 5,000, simu inamdai 500,000."

Mashine ilikuwa imezidisha kiasi kwa 100. Huduma nyingi za malipo ya kadi hutaka kiasi kihesabiwe kwa senti, kwa hiyo dola 50 huandikwa 5000. Mifano hiyo imejaa intaneti, na humo ndimo mashine ilimojifunza. Shilingi yetu haina senti za kuhesabu. Hata kwenye orodha ya kimataifa ya sarafu, ISO 4217, UGX haina tarakimu yoyote baada ya nukta. Nami ningeligundua wapi? Mazingira ya majaribio ya MTN MoMo, huduma ya malipo ya simu niliyoitumia, hutumia yuro, tena za kuigiza, si shilingi. Jaribio lilipita, nikafurahi.

Tangu hapo siigusi mashine kabla sijaifanya kazi yenyewe kwa mikono yangu. Nafungua faili tupu, naenda hatua kwa hatua, naandika kila kitu: amri niliyotoa, jibu lililorudi, kosa lililonikwamisha. Kwa mfano: "Nimetuma ombi la malipo, nimejibiwa 202. Nikadhani pesa imeingia. Kumbe 202 ni kusema ombi limepokelewa tu, mteja bado hajaweka PIN. Imebidi niulize hali ya malipo kwa ile X-Reference-Id, alama ya kulitambulisha ombi, niliyoitengeneza mwenyewe." Kile "nikadhani" usikifute. Msomaji wako naye atadhani hivyohivyo, na hapo ndipo atakapokushukuru.

Kumbukumbu hizo nikishakuwa nazo, prompti inakuwa hivi: "Hizi ndizo kumbukumbu zangu za kazi. Msomaji ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, anajua Python kidogo, hajawahi kugusa API (njia ya programu moja kuzungumza na nyingine). Panga rasimu kwa kufuata yaliyomo humu tu. Usiongeze amri wala namba isiyokuwemo. Penye pengo andika JAZA. Kabla hujaanza, niulize maswali matano." Maswali hayo matano mimi nayathamini kuliko rasimu. Mara nyingi mojawapo hugusa jambo nililolifanya bila kufikiri, nikasahau kwamba mgeni hawezi kulijua.

Funguo za siri na namba za simu za wateja zitoe kabla ya kubandika chochote. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na hata isingekuwepo, namba ya mtu si yako.

Rasimu ikitoka, nafuta mradi wangu wote kwenye kompyuta na kuanza upya nikifuata makala peke yake, kama vile sijui lolote. Inachosha, na bando linaliwa. Lakini karibu kila mara nakwama mahali.

Halafu kuna Kiswahili chenyewe. Wengi wetu Uganda tumekiokota sokoni, kambini, au mpakani Busia na Malaba, kwa hiyo tunajishuku. Mashine ikiandika "katika ulimwengu wa leo unaobadilika kwa kasi" tunaona hicho ndicho Kiswahili sanifu. Mimi aya ya kwanza huifuta nzima. Inayobaki namsomea kwa sauti mwenzangu wa ofisini aliyekulia Arua, na akicheka mahali pasipo na kichekesho, sentensi hiyo naiandika upya.

Ile makala ya kwanza sikuiondoa. Juu yake nimeweka sahihisho lenye tarehe. Yule kijana wa Gulu ndiye sasa hunisomea rasimu kabla hazijatoka, na ya juzi amenirudishia ikiwa na JAZA mbili nilizozisahau.