Zebaki ikipotea kwenye kipimo, usiseme bado kwamba imenaswa

Gesi ya dohani hubeba zebaki ya namna tatu: mvuke wa zebaki tupu, zebaki iliyooksidishwa, na iliyoshika kwenye chembe za vumbi. Mbili za mwisho zina dawa: iliyooksidishwa huyeyuka kwenye mnara wa kuoshea gesi, ya vumbi hubaki kwenye chujio. Mvuke wa zebaki tupu hauyeyuki majini, na huo ndio tunaoutegea bayocha, yaani makaa ya taka kama maganda ya mpunga au vumbi la mbao.

Makaa matupu hunasa kidogo mno. Kausha malighafi kwa 105 °C, choma kwenye mkondo wa naitrojeni kwa 600 °C muda wa saa moja, saga, chekecha ubaki na chembe za milimita 0.15 hadi 0.25. Loweka kwenye mmumunyo wa amoniamu kloridi (chumvi yenye klorini) wa asilimia 1 hadi 5, kisha kausha kwa joto la chini. Klorini iliyoshika juu ya makaa ndiyo inayofanya kazi. Ukizidisha chumvi, vitundu huziba.

Sasa kipimo cha maabara, ambapo gesi yenye zebaki hupitishwa kwenye makaa kisha hupimwa; hapa wengi walio wapya kwenye kazi hii hudanganyika. Kichanganuzi cha mvuke baridi, yaani chombo kinachopima zebaki kwa mwanga inaoufyonza, huona zebaki tupu peke yake. Makaa yakiioksidisha na kuiachia iende zake, namba hushuka na wewe unafurahi bure. Kwa hiyo gawa gesi katika njia mbili kabla ya kichanganuzi: moja yenye chupa ya potasiamu kloridi, inayozuia iliyooksidishwa, upate zebaki tupu, na nyingine yenye chupa ya stanasi kloridi, inayoirudisha kuwa tupu, upate jumla. Tofauti ya namba hizo ndiyo zebaki iliyooksidishwa ikapita. Salfa dioksaidi nayo hufyonza mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 253.7 kama zebaki ifanyavyo, basi iondoe kwa sodiamu haidroksaidi, na ukaushe unyevu kabla haujatia ukungu kwenye kioo.

Mirija iwe ya teflon, ipashwe moto wa 120 °C au zaidi. Kwenye mirija baridi zebaki hushika ukutani. Kabla ya kuweka makaa, endesha mtambo wa kipimo kwa mchanga safi wa kwatzi tu. Inayoingia na inayotoka zisipolingana, tafuta uvujaji, usiendelee. Mwishoni yeyusha makaa kwa asidi, pima zebaki iliyomo, uone kama hesabu inakubaliana na ile ya gesi.

Matokeo ya kipimo kinachobeba zebaki kwa naitrojeni kavu peke yake hupendeza kuliko ukweli. Ongeza oksijeni, salfa dioksaidi na mvuke wa maji, kimoja kimoja. Maji hugombania nafasi zilezile juu ya makaa.

Gesi inayotoka ipitishe kwenye makaa yaliyotiwa salfa, ndani ya kabati la kutolea hewa. Makaa yaliyotumika yafunge kwenye chombo kisichopitisha hewa kama taka hatari. Yasiende shambani wala kuchomwa tena, maana moto huirudisha zebaki yote hewani.